Kipimajoto cha Pencho

Jirani yetu Pencho amezeekea kwenye kipimajoto cha kijiji chetu cha Bulgaria, akikisoma na kuandika joto kila siku. Siku ya harusi yake alimwacha bibi harusi kanisani akakisome. Juzi binti yake Rositsa aliipa kompyuta vipimo vyake vyote. Ikajaribu kuvigawa mafungu mawili, kabla na baada ya kila mwaka, ikitafuta mgawo unaofaa kuliko yote, na kila mara ikarudi mwaka uleule: joto liliruka ghafla, halikushuka tena.

"Baba, mwaka ule ulikihamisha? Sema ndiyo. La sivyo ni anga lenyewe limegeuka, na mizabibu yetu basi tena."

"Sikukigusa, mwanangu."

Nikamrukia. "Pencho wee, mwongo tangu utotoni, leo ndiyo waona haya kudanganya? Sema ulikitundika jikoni!"

Pencho akaiweka mezani glasi yake ya rakia, pombe yetu ya zabibu. "Dada Stanka, laiti ningekuwa nimekitundika."