Godoro la Mama Mkwe

Niseme la aibu kwanza nipumue. Mama mkwe wangu alizama kwenye godoro nililomnunulia mimi mwenyewe, akashindwa kuamka, na mimi mwanaume mzima nikawa nimesimama nje ya pazia la chumba chake, nampa maelekezo kama kocha.

Alikuwa ameteleza shambani huko kwao Mtae, akaumia nyonga. Hospitali wakasema hakuna kilichovunjika, ila asirudi kwenye kitanda chake cha kamba. Atafutiwe godoro la kumshika mgongo, gumu, lakini lisimuumize. Mke wangu akamleta kwetu Lushoto, mimi nikatumwa dukani.

"Gumu kiasi," mke wangu akasema. "Lisiwe ubao, lisiwe uji."

Sasa gumu kiasi ndiyo gumu gani? Mimi shule niliishia kidato cha pili, na hata huko nilikuwa nakaa dirishani kuangalia nani anapita.

Muuzaji akanilazia magodoro matatu chini. "Lala, kaka. Lala kiubavu, jigeuze, halafu amka. Ndiyo utalijua."

"Hili ni la mama mkwe."

Kwetu chumbani kwa mkweo huingii, kitandani kwake hukai, sembuse kulilalia godoro lake kabla yake. Mama mmoja aliyekuja kununua mto akaangua kicheko. "Mwache kaka wa watu! Akijilaza hapo si ameshapanda kitanda cha mkwewe?"

Basi nikapima kwa ngumi. La kwanza likairudisha ngumi yangu kama limetukanwa. La pili hivyo hivyo. La tatu, nene la inchi kumi, mkono ukaingia taratibu kama kwenye ugali wa moto. Nikasema hili hapa.

"Unene siyo ugumu, kaka," muuzaji akasema. "Hilo mkono unaona raha. Mtu akilala na uzito wake wote, kiuno kinakwenda chini."

Nikamwambia mtu anaumwa mfupa, utampaje kitu kigumu? Nikalibeba. Njia nzima najiona mkwe bora wilaya nzima.

Asubuhi yake ilikuwa siku ya soko. Mke wangu alishaondoka na kabichi zake, mimi nampa ng'ombe majani, nikasikia naitwa.

"Mkwe!"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mimi siamki."

"Unaumwa? Niite daktari?"

"Siumwi. Nimeingia ndani."

Nikasogea hadi kwenye pazia, hapo miguu ikagoma. "Jigeuze upande wa ukutani, mama."

"Nimejigeuza, limenirudisha."

"Shika ubao wa kitanda."

"Mkono haufiki. Hili limenyanyuka huku na huku, niko bondeni."

Nikacheka. Kweli nilicheka, maana naye alikuwa anacheka. Nikakimbia kwa majirani kutafuta mwanamke yeyote wa kumwinua. Milango yote imefungwa, wote wako sokoni. Nilimkuta mbuzi.

Niliporudi alikuwa hacheki tena. "Mkwe, nataka kwenda uani."

Nikachukua jembe, nikapitisha mpini pembeni ya pazia, uso nimeugeuzia barabarani. "Shika mama, navuta." Akashika. Nikavuta, nikamsikia anakuja, anakuja, halafu mpini ukamponyoka. Akarudi chini na kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwake, kile cha nyonga. Nikaliacha jembe pale pale.

Simu ya mke wangu iliita tu. Sokoni nani anasikia simu? Nikasimama. Pazia ni kitambaa tu, hata kuku wanalipita, mimi likanishinda. Akaniita tena, kwa sauti ndogo. Nikasema, "Nipo, mama." Nipo ya kazi gani, sijui. Baadaye akaacha kuniita.

Mke wangu aliporudi aliingia moja kwa moja. Akatoka na mashuka ameyabana kwapani ili nisiyaone, na mimi nikayaangalia majani ya ng'ombe kama nayahesabu. Jioni mama alipotoka nikamsalimia. Aliitikia marahaba akiwa anaangalia kabichi zilizobaki. Sasa analala kwenye mkeka chini, nyonga inamuuma, na anasema hapo panatosha. Mke wangu akimwambia arudi kitandani, anajifanya hasikii.

Nikamsimulia rafiki yangu tunayelima naye. Nilitia na mbwembwe, nikaigiza kuvuta jembe, nikitegemea acheke. Aliendelea kupalilia.

"Godoro la mkwe wangu, mimi nilimlaza muuzaji," akasema. "Nikamwambia wewe ndiye unayeliuza, lala kiubavu. Haya, amka, usishike kitu. La kwanza akahangaika, nikamwambia toa hilo. La pili akaamka kama mtu. Ungeniuliza."