Alikula Kwetu, Akapumua kwa Jirani

Jirani yangu wa hapa Tunduma anachoma taka kila jioni. Akishafunga duka lake anatoa maboksi, mifuko ya nailoni, pampasi za mtoto na chupa za soda, anamwagia mafuta ya taa kidogo, anawasha kiberiti, kisha anaingia ndani kula na mlango anafunga. Moshi unabaki na mimi. Juzi nilimfuata. Nikamwambia, mwanangu, huu moshi wako unanimaliza. Akanijibu kwa adabu zote, "Shikamoo bibi. Pole, ni taka tu, zinaisha sasa hivi." Ni taka tu! Nikarudi ndani, nikaziba madirisha kwa vitenge, nikakaa nakohoa kwa hasira. Na wewe rafiki yangu unanijua, nikikasirika akili yangu haikai Tunduma, inakimbilia Iyula, kijijini nilikozaliwa.

Usidhani nataka kukuambia kwamba Iyula ya zamani haikuwa na moshi. Thubutu! Enzi hizo za Mwingereza, nilipokuwa mtoto, asubuhi ilianza kwa ufagio. Ulisikia mawe ya kusagia ulezi yakikwaruzana huku na huku, halafu fagio, halafu watu wakikohoa. Kabla jua halijapanda juu ya mikahawa, kila nyumba ilishafagiwa uwanja, taka zimekusanywa nyuma ya jiko na moto umewashwa. Makapi ya maharage, majani makavu ya migomba, mabua, chochote kilichoangukia ufagio. Msimu wa kahawa ukifika yaliongezeka maganda yake, na hayo hayawaki, yanafuka tu kutwa nzima, yanatoa moshi mzito wenye uchachu unaokaa kwenye nywele na kwenye ugali.

Kwa moshi huo ndipo mwanamke alipopimwa. Bibi yangu alisimama mlangoni pa jiko, mkono kiunoni, akikagua mteremko wetu wote aone ni nani amechelewa. "Uwanja usiofuka haujafagiwa," ndivyo alivyokuwa akisema. Na kulikuwa na sababu nyingine ambayo haikusemwa kwa sauti. Kwenye taka za nyumbani kuna nywele zilizonyolewa, kuna kucha, kuna kitambaa cha mtoto mchanga. Vitu hivyo havikuachwa vikazagaa, asije mtu mwenye nia mbaya akaviokota. Vilichomwa. Kanisani tulikwenda kila Jumapili, nyimbo tukaimba kwa nguvu, na kucha zetu tukazichoma.

Mama yetu alifariki alipomzaa mdogo wangu. Baba alikuwa Saza, kwenye machimbo ya dhahabu, akija kwa nadra na blanketi na sukari, halafu anaondoka tena. Kwa hiyo yule mtoto alikuwa wangu na bibi. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni nikichota maji, nikiokota kuni, nikipalilia, mpaka watu wakanitania kwamba nimeota nundu. Uji wake niliupoza kwa pumzi yangu mwenyewe. Lakini alizaliwa na kifua kibovu. Moto wa taka ukiwashwa tu, kifua kinambana, kinaanza kulia filimbi, unaona mbavu zinavyohangaika chini ya ngozi. Bibi alimsugua mafuta ya nyonyo, akamnywesha majani machungu, mwinjilisti akamwombea. Moto wenyewe hakuna aliyeufikiria. Moto ni usafi, na usafi unamdhuru mtu vipi?

Sasa, upande wetu wa chini alikaa mjane mmoja. Aliolewa pale kutoka Ibaba, kule milimani Ileje. Mumewe alimwachia mikahawa kidogo, mtoto hakumwachia. Mwanamke huyo hakuchoma. Alifagia kama wengine, lakini taka zake alizibeba kwa ungo hadi nyuma ya nyumba, akazimwaga shimoni, akazifunika kwa majani na udongo. Shimo likijaa anapanda hapo mgomba, au boga, anachimba jingine pembeni. Kwao walifanya hivyo, alisema, kwa sababu udongo wa mlimani unakimbia na mvua, usipoulisha unakuacha. Wanawake kisimani walimwita mvivu wa kuwasha kiberiti. Bibi yeye hakucheka. "Mwanamke asiyechoma taka zake," alisema, "kuna anachokifuga humo."

Na maboga yake, jamani! Makubwa, ya njano ndani, matamu bila kuongezwa kitu. Yalitambaa juu ya ua wa matete yakachungulia kwetu kama wambea. Bibi akiyaona anageuza kichwa. Wivu huu nilionao sikuuokota barabarani, nimeurithi.

Siku moja ya msimu wa kahawa kila nyumba ilikuwa imewasha maganda, na upepo haukuwepo kabisa. Moshi ukakaa juu yetu hauendi kokote. Mdogo wangu, ambaye alikuwa ameanza kutembea na kusemasema, akabanwa mpaka midomo ikabadilika rangi. Nikapiga yowe. Bibi alikuwa mbali shambani. Yule mwanamke akavuka ua, akamnyakua mikononi mwangu bila hodi wala nini, akakimbia naye kwake, akaketi katikati kabisa ya migomba, ambako majani mapana yalizuia moshi. Mimi nyuma nawafuata nalia. Akampangusa uso kwa maji, akawa anamwimbia kitu cha kwao nisichokielewa. Polepole ile filimbi ikanyamaza, mtoto akalala. Nilishukuru, sikatai. Lakini nilipoona alivyolaza kichwa kifuani pa yule mwanamke, mtoto niliyembeba mimi, kitu kilinichoma hapa, na bado kinachoma.

Tangu siku hiyo, moto ukiwashwa tu, mtoto huyo, kavuka ua. Bibi akaamua kupambana kwa chungu. Akapika njugu mawe, akapika uji wa ulezi kwa maziwa, akachinja kuku siku isiyo sikukuu. Mdogo wangu alikula vyote, akalamba vidole, kisha bibi alipotoka na kijinga cha moto kwenda nyuma ya jiko, akateremka zake kwa jirani. Alikula kwetu, akapumua kwake. Na mimi nikabaki na vyombo vya kuosha.

Halafu siku moja mtoto akamwita yule mwanamke "mama". Alimwita kwa sauti, kutoka uwanjani kwetu, akiwa amesimama kwenye ua. Bibi alikuwa anachuja maji ya majivu ya kupikia mboga. Chungu kikamponyoka, maji yote yakanywewa na vumbi. "Mama?" akaniuliza, utadhani ni mimi niliyesema. "Amemwita mama?"

Kesho yake, jirani alipokwenda kisimani, bibi alichukua jembe. Alishajihakikishia kwamba mle shimoni kuna dawa, kwamba kucha za mtoto zimefukiwa humo ndiyo maana anavutwa. Nilimfuata, na moyoni nilitamani hiyo dawa ikutwe. Bibi akachimba. Ukatoka udongo mweusi wenye joto, ikatoka minyoo minene, likatoka ganda la boga, na ganda jingine la boga. Bibi haachi, jasho linamtiririka. Ndipo mwenyewe akatokea, mtungi kichwani. Akautua, akapiga goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," akajibu bibi, jembe mkononi, matope hadi magotini.

"Mnatafuta nini mama, niwasaidie?"

"Umemlisha nini mjukuu wangu?"

Yule mwanamke akalitazama shimo lake lilivyofumuliwa, kisha akatutazama sisi. "Sijamlisha kitu, mama. Kwangu hakuna moshi, basi. Anakuja kupumua."

Bibi akafyonya, akaweka jembe begani, akapanda nyumbani. Usiku huo hakula. Asubuhi alifagia kama kawaida, akakusanya taka zake, na kiberiti hakukigusa. Akachimba shimo. Wala hakuchimba shimo la kawaida! La jirani lilinifika kiunoni; la bibi nikiingia nilipotea. "Kama ni hewa anayoifuata," akasema akihema, "basi hewa itapatikana hapahapa. Tutaona."

Lakini moshi haujui ua. Wa kwetu ulipokoma, wa wengine ukaja, na mtoto akateremka vilevile. Bibi akajifunga nguo kiunoni, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Habari za kifua cha mjukuu wake hakuzigusa, maana kila nyumba ilikuwa na mtoto anayekohoa na hakuna aliyeona ajabu. Aliwaambia hivi: "Yule wa Ibaba anatucheka. Taka zetu sisi tunazigeuza moshi, yeye zake anazila maboga. Mpaka lini?" Akawapata penyewe. Mke wa mwinjilisti akachimba. Mke wa mwalimu akachimba kwa sababu mke wa mwinjilisti amechimba. Mvua zilipoanza mteremko mzima ulikuwa na mashimo, na kila mtu anachungulia shimo la mwenzake. Maganda ya kahawa yakarudishwa kwenye mikahawa yenyewe. Nywele na kucha, kwa usalama, zikachomwa ndani kwenye mafiga, na majivu ya mboga yakatoka hapohapo. Aliyethubutu kuwasha moto nyuma ya nyumba aliulizwa kisimani kama kwake hawapendi boga. Mwinjilisti angehubiri mwaka mzima asingepata hayo, wivu wa bibi uliyapata kwa kupita tu milangoni.

Bwana shamba alipokuja kukagua mikahawa alishangaa, akauliza ni nani aliyewafundisha. Bibi akajibu mbele za watu bila kupepesa jicho, "Ni mimi." Yule mwanamke alikuwa amesimama nyuma yetu. Akainamisha uso, akacheka kidogo, basi. Bibi aliudhika wiki nzima. Alikuwa amejiandaa kubishana.

Kisha ikaja asubuhi moja baada ya mvua ya usiku. Nilitoka nje nikasimama, sikuelewa kimebadilika nini. Hapakuwa na moshi mteremko wote. Nilisikia harufu za vitu nilivyokuwa navyo siku zote bila kuvijua: mahindi mabichi, udongo uliolowa, maziwa yanayochemka nyumba ya pili. Hakuna aliyekuwa akikohoa. Mdogo wangu aliamka kimya, kifua kinapanda na kushuka bila filimbi. Bibi alikuwa kizingitini anamngoja, amemchemshia boga la kwanza la shimo lake mwenyewe. Mtoto akala. Bibi akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi barazani kwa chifu. Na mimi nikajua sasa amerudi, sasa ni wetu.

Mtoto akachukua kipande kilichobaki, akakishika kwa mikono miwili kisianguke, akavuka ua, akampelekea yule mwanamke.

Bibi alimfuata kwa macho mpaka akapotea migombani. "Kumbe haukuwa moshi," akasema.

Hakulia, hakuwa mtu wa kulia. Jioni alikwenda kwenye ua, akang'oa matete kadhaa, akafungua njia ili mtoto asichanike miguu akivuka. Nami nadhani alitaka pia awe anamwona kutoka jikoni kwake.

Bibi hayupo tena, na yule mwanamke hayupo. Mashimo yamefukiwa, watu wamejenga juu yake. Taka za siku hizi zimejaa nailoni isiyooza, na watu wamekirudia kiberiti. Ukipita Iyula asubuhi mteremko unafuka kupita ule wa utoto wangu, na moshi wenyewe hauna harufu ya kitu unachokijua. Kimebaki kiwanja kimoja kisichofuka. Ni cha mdogo wangu, mzee sasa mwenye wajukuu. Yule mwanamke alimwachia migomba yake, na yeye anachimba mashimo mpaka leo.

Jana, madirisha yangu yamezibwa kwa vitenge, nilimpigia simu nimlalamikie. Akanisikiliza nikikohoa, halafu akasema, "Dada, moshi utakuua huko. Njoo kwetu upumue."

Kwetu! Misingi ya nyumba ya bibi ipo pale juu, anaiona akifungua mlango, lakini akisema kwetu anamaanisha kule chini migombani. Mtoto niliyempozea uji kwa pumzi yangu! Nilitaka kumgombeza, nimkumbushe nundu niliyoota kwa ajili yake. Kifua kikanibana kwa moshi, na yeye akangoja tu upande wa pili wa simu mpaka nikapata pumzi. Nikamwambia nitakuja.

Mizigo nimeshafunga. Nitakaa chini ya migomba ya yule mwanamke, nitapumua hewa yake, na boga lake nikipewa nitakula. Lakini wivu wangu siuachi hapa Tunduma. Nakwenda nao.