Chumvi Kwenye Matuta ya Bibi

"Moto wa chini ya ardhi mimi unaniamkia!"

Mjomba aliyatamka hayo kwenye mkutano wa wakazi, kwa kipaza sauti ambacho hakuna aliyempa. Watu wakaangua kicheko, wakambandika jina: Sumaku.

Kazi yake ilikuwa kuwachimbia mashimo wapimaji wa jotoardhi. Shimo la kimo cha goti, unazika kikopo chenye waya, unakimwagia tope la maji ya chumvi ili kishikane na udongo. Mashine inaachwa hadi kesho yake, ikisikiliza umeme wa asili unaopita ardhini. Kwenye maji moto huko chini kabisa, umeme hupita kirahisi. Hapo ndipo patachimbwa kisima cha mvuke, na mwenye shamba atalipwa fidia.

Mjomba alichoona yeye ni kimoja: chumvi ikimwagwa, namba zinapendeza, mhandisi anatabasamu. Basi, chumvi ndiyo inayouita moto.

Wiki moja kabla ya kupimwa shamba la bibi, yaani mama yake, nilimkuta Mjomba akikoroga chumvi kwenye pipa na kuimwaga kwenye matuta yaliyosubiri mbegu za maharage. Shamba hilo ndilo lililomlisha bibi, likamlisha yeye, likanilisha na mimi niliyerudi nyumbani na nusu ya stashahada ya umeme.

"Msomi, inatosha hii?"

"Ongeza, Mjomba. Bado haijakolea."

Nilikuwa natania. Yeye akaongeza magunia manne.

Mhandisi, dada mmoja mpole, alirudi baada ya vipimo na picha za rangi za huko chini ya ardhi. "Mzee Sumaku, hapa vikopo vilishika vizuri kuliko kokote tulikopima."

Mjomba akamkonyeza mama yake.

"Ila huko chini, kilomita tatu, ni mwamba baridi mtupu. Kisima kitakuwa ng'ambo ya barabara."

Mvua ikanyesha. Maharage yakachipua ya manjano, yakakauka kabla ya kutoa ua. Msimu wa pili hayakuchipua kabisa. Bibi hakugomba. Alimuuliza tu mwanawe, "Baba, huo moto wako haujambo?"

Siku hizi kila asubuhi Mjomba huenda shambani, akachota udongo kidogo, akauonja kwa ncha ya ulimi, akatema, akarudi ndani. Mimi utani umenikauka.

Maharage tunanunua dukani. Kilo moja ni shilingi elfu tatu na mia mbili.