Alisema Ametupa Tembo Wangu Mtoni

Huyu ni dada yetu wa Kindu, ametuandikia barua. Jina lake linabaki kwetu. Mkishamsoma msimwonee huruma tu, mjibuni.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mke mkubwa. Ninachopenda ni wanyama wadogo wa plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, wa enzi za Wabelgiji. Wa kwanza, tembo, marehemu baba alipewa na bosi wake wa reli aliyekuwa anaondoka. Wengine nimewatafuta mwenyewe katika nyumba za zamani, mmoja mmoja, miaka na miaka. Cheka ukitaka.

Wakati wa vita, risasi zilipoanza kulia, mume wangu aliruka dirishani akapotea. Shujaa huyo! Mimi nilikimbilia porini upande wa Kibombo, mtoto mgongoni, wanyama kifuani ndani ya kitenge. Tembo alivunjika sikio njiani. Bwana tulimkuta baadaye amenenepa, akatuuliza tumeleta nini cha kula.

Mwaka jana alioa mke wa pili, na dini ikampanda ghafla.

"Mama watoto, hii masanamu inafukuza malaika," akaniambia. "Hatuwezi kuswali mu nyumba ya masanamu."

Siku moja narudi kutoka sokoni, kabati la wanyama wangu tupu. "Nilishatupa yote mu Lualaba," akasema. Nililia kama nimefiwa, naye akanihubiria subira, kisha akahamia kwa mke mdogo.

Juzi mke mwenzangu alijifungua. Desturi ni desturi, nikaenda kumpongeza na kuku wangu mkononi. Kuinua macho, wanyama wangu wote wamepangwa karibu na televisheni, tembo mbele na sikio lake lililovunjika. Binti wa watu hana kosa. Alitabasamu kama kwa dada yake mkubwa: "Yaya, unaona vile iko muzuri? Papa ya mutoto alinipatia. Ilikuwa ya marehemu mama yake."

Kumbe malaika wa nyumba ile hawaogopi tembo.

Sikupiga kelele. Nilimpakata mtoto, nikamwombea dua, nikaenda moja kwa moja kwa wazee wa familia. Wamekata shauri: Ijumaa atanirudishia wanyama kwa mkono wake mwenyewe, na ili tupatane, atahamia tena kwangu. Wanadhani wamenifurahisha.

Tembo namtaka, na wenzake wote. Lakini mwanamume huyu, hata dharau naona naipoteza bure. Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini: nitapokeaje mzigo, nimrudishe mchukuzi?