Mbuzi wa Mwalimu Ewoi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka damu hunichemka hata katika uzee huu, na jana wewe mwenyewe uliichokoza. Ulikaa hapa kwangu Lodwar ukanionyesha kwenye simu mtu aliyevaa koti jeupe, akisema minyoo ya mbwa haipo, eti uvimbe wa tumbo ni damu chafu na madaktari wanatafuta tu watu wa kupasua. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa mgeni wangu. Kisha ukasema utawaeleza wanafunzi wako huko Kakuma ili wafumbuke macho. Wafumbuke! Basi leo utanisikiliza mimi mpaka mwisho.

Nilikuwa darasa la sita, hapo hapo Kakuma, kabla ya kambi ya wakimbizi kuwako. Desturi yetu unaijua: mama akienda kuteka maji, mbwa ndiye yaya. Mtoto akijichafua, mbwa humlamba akawa safi. Siwacheki mama zetu, walifanya walichoweza katika nchi isiyo na maji. Lakini mbwa yule alibeba minyoo, mayai ya minyoo yakaingia vinywani mwetu, na baada ya miaka tumbo la mtu likaanza kuvimba polepole.

Darasani mwetu walikuwa wawili wenye uvimbe huo: Nakiru, rafiki yangu, na Lokwang, mcheshi aliyejiita mzee wa kitambi. Madaktari walipita wakawapima, wakasema wapelekwe Lodwar kupasuliwa. Wazazi walikubali shingo upande.

Ndipo mwalimu wetu wa sayansi, Ewoi, kijana mtanashati aliyetoka chuoni juzi, akasimama mbele yetu.

"Mbwa anaweza kupea mtu tumbo?" akauliza. "Hiyo ni hadithi ya wazungu. Hiyo ni damu chafu tu. Chemsha mizizi, kunywa, itaisha."

Aliyasema akiwa ameshika chaki, mwanangu! Angeyasema sokoni, tungemcheka tukaenda zetu. Jioni ile ile baba yake Nakiru akakataa safari. Lokwang alishangilia, maana nani anapenda kisu? Na kwa kuwa kiangazi kilikuwa kimekaza, kesho yake aliacha shule, akahama na mama yake na mdogo wake, wakiwaswaga mbuzi wao kuelekea Lokichoggio.

Mwalimu mkuu, mzee mkali, alipata habari Lokwang akiwa ameshaondoka. Akamwamuru Ewoi aende kwa baba yake Nakiru kuomba radhi, na asiende mikono mitupu. Kwetu kosa kubwa halifutwi kwa maneno matupu, huchinjwa mbuzi. Ewoi akatafuta beberu, na sisi wanafunzi, kwa umbea wetu, tukafuata nyuma.

Beberu alipopasuliwa, ini lake lilikuwa limejaa vifuko vya maji, vyeupe na vigumu. Mchinjaji akakata sehemu ile mbaya ili awatupie mbwa, kama tulivyofanya siku zote. Mwalimu mkuu akamshika mkono.

"Ewoi, hii ni damu chafu? Shika. Angalia vizuri. Mbwa anakula hii, minyoo inakua ndani yake, halafu analamba mtoto. Wewe ulifundishwa hii chuoni. Sasa unaambia watoto hakuna?"

"Nilisikia kwa mtu, mwalimu. Nilifikiri..."

Baba yake Nakiru akamkatiza. "Ejok, ni vizuri, mwalimu, mbuzi nimeona. Lakini uongo ulisema mbele ya watoto wote. Sasa ukweli unaniletea mimi peke yangu hapa kwa boma?"

Asubuhi iliyofuata Ewoi alisimama mbele ya shule nzima akasema, "Nilifundisha kitu sijui." Akalia. Sikumhurumia, na hata leo simhurumii. Nakiru alipelekwa Lodwar, akapasuliwa, akapona. Leo ana wajukuu.

Lakini Lokwang hakuwa pale kumsikia. Mwalimu mkuu aliwatuma madereva wa malori wamtafute, Ewoi naye akaenda kwa miguu, akiuliza boma hadi boma. Alipowafikia, Lokwang alikuwa ameshazikwa. Alianguka akishuka korongo, kifuko kikapasukia tumboni. Na mama yake alikuwa amepiga magoti kando ya moto, anachemsha mizizi. Alikuwa anamchemshia mdogo wake Lokwang, ambaye tumbo lake nalo lilikuwa limeanza kuvimba.

"Mwalimu alisema inasaidia," akamwambia Ewoi, asijue anazungumza na nani.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya mwongo wa mtaani, labda! Mwongo wa darasani njia yake hufika hata pale ambapo yeye mwenyewe hajawahi kukanyaga, na watoto humbebea mzigo bila kujua. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Usiingize darasani jambo ambalo hukulichunguza, hata kama aliyelisema ana koti jeupe. Ukiulizwa usilolijua, sema hujui, kisha mwite muuguzi aje aeleze. Mwanafunzi akikuletea uvumi alioupata kwenye simu, usimtukane. Muulize ni nani aliyesema, alijuaje, na anauza nini. Wafundishe kuzika yale maini mabaya, wasiwape mbwa, na kunawa mikono kabla ya kula. Na ukikosea, kosa ulilolitangaza hadharani usilirekebishe kwa kunong'ona.

Nimekukaripia kwa sababu nakupenda, na kwa sababu kuna watoto wa watu mbele yako. Akuj, Mungu wetu, akupe ulimi mzito wa kusema usilolijua. Akupe mvua, maziwa na miaka. Na watoto unaowafundisha wakuzike wewe, usiwazike wewe wao.