Maziwa Juu ya Dawa

Nilitoka Kilifi, nikalala Nairobi, nikafika Kitale siku ya pili miguu imefura. Miaka ishirini nilikuwa nimezunguka nchi nikibeba mawe na kupaka rangi nyumba za wengine, na kila nilipolala niliota boma letu la Kibomet. Nilipoingia, ndugu yangu mkubwa hakuinuka kitini.

"Umekuja kuzika?" aliuliza. "Mzee bado anakula."

Baba alikuwa na Parkinson, ugonjwa unaotetemesha mikono na kufunga miguu. Kuna siku alimeza dawa akavuka uwanja bila fimbo. Siku nyingine alimeza ile ile akakwama mlangoni, nyayo zimeng'ang'ania sakafu, kifua kikitangulia. Ndugu yangu aliona ni mchezo.

"Asubuhi umeenda kwa ng'ombe. Sasa ati choo ni mbali?"

Kwetu dawa kali haimezwi tumbo likiwa tupu. Shemeji, mke wa ndugu yangu, alimpa tembe na kikombe kikubwa cha maziwa, na jioni juu ya sahani ya maharagwe. Nilimpeleka baba kliniki Bungoma. Muuguzi aliuliza anameza na nini, akatikisa kichwa. Maziwa, nyama na maharagwe huizuia dawa hiyo isiingie vizuri mwilini, alisema. Ameze na maji, nusu saa kabla ya chakula.

Wiki mbili nilimpa hivyo mwenyewe. Baba alikwama mara chache, na Jumapili moja alitembea hadi kanisani. Shemeji naye akawaambia majirani kwamba ninamnyima mzee maziwa.

"Miaka kumi namwosha," aliniambia jikoni. "Wewe umekuja na begi moja kunifundisha?"

"Sikufundishi, shemeji. Nasema maji tu."

"Basi kunywa wewe hayo maji."

Asubuhi iliyofuata ndugu yangu aliweka mezani vikombe viwili, cha maji na cha maziwa, tembe katikati.

"Mzee, chagua ni nani anakutunza."

Baba alituangalia mmoja mmoja. Akavuta maziwa.

"Wewe utaenda," aliniambia polepole. "Mimi nabaki na hawa."

Nilimchukia ndugu yangu, na kwa dakika ile nikamchukia baba pia, kwa sababu alisema kweli. Nikafunga begi. Saa nne baba alijaribu kusimama aniage, miguu ikakataa. Nilimpa mkono akiwa amekaa, nikatoka. Sijarudi tena.