Mwaka Niliogoma Kupika Pilau ya Maulidi

Mimi si mtu wa kuficha: wivu ninao, na ninao mpaka leo. Aliyenitia ni ndugu yangu, binti wa mama yangu mdogo, alipokuja Ifakara kututembelea kutoka Uingereza, miaka ile ya hamsini.

Tulikua pamoja Lipangalala. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, tulisomea jamvi moja, na mwaka mmoja tukatolewa, tulipovunja ungo. Msahafu tukauacha mwanzoni mwanzoni. Mimi nikaolewa Kibaoni na mwenye duka. Yeye akaolewa na mpishi wa meli, mtu wa Pwani, akapelekwa mji wa bandari huko Ulaya, wenye mvua na moshi.

Alikuja na koti zito kama godoro. Ifakara, na joto lile! Nikacheka, nikafurahi. Nikadhani koti ndicho kitu pekee alichokipata.

Kumbe. Mumewe akiwa safarini, yeye ndiye anayeendesha nyumba wanayolala mabaharia. Anatandika, anapika, anakwenda sokoni peke yake na mtandio kichwani, na watoto wa Kizungu wakimzomea anawatazama tu mpaka waone haya. Kiangazi cha huko jua linagoma kuzama, na Ramadhani ikiangukia humo unafuturu saa ambayo hapa watu wanakoroma. Na wanawake wa Kiislamu wa mji ule wamekodi chumba juu ya duka la viatu, kila Jumapili wanasoma. Wanatafuta nyumba nzima, yenye mlango wao wenyewe, ili binti zao wasije wakatolewa njiani kama sisi.

"Mnafundishwa na nani?" nikamuuliza.

"Mke wa shehe. Na ninayekaa naye jamvini ni Mzungu, dada. Amesilimu, kaolewa na Mwarabu. Ananipita kusoma!"

Chai ikanipalia. Mzungu! Mwenye macho ya paka anaujua msahafu, na mimi niliyezaliwa ndani ya dini nimesimama palepale waliponitolea.

Maulidi ikafika. Kwetu wanaume walisoma barazani, sisi wanawake tulikuwa uani, nyuma ya shuka, tunapika. Sufuria kubwa lilikuwa langu, hakuna aliyethubutu kuinua mfuniko. Mchele ulikuwa wa shamba langu ng'ambo ya mto, niliokaa juu ya dungu kuulinda na ndege mpaka sauti ikanikauka. Watu walitoka Kisawasawa kuja kwenye Maulidi yetu, na tusidanganyane, hawakufuata kisomo tu.

Siku ile, ninapalia makaa juu ya mfuniko, ndugu yangu akaacha vitunguu, akanawa mikono, akashika kitabu cha Maulidi akawasomea wanawake. Taratibu, kila herufi mahali pake. Wakahama wote kwenye sufuria langu, wakamzunguka yeye. Hata wifi yangu, ambaye humtoi jikoni kwa fimbo, akatokwa machozi. Mimi nimesimama na koleo la makaa, namtazama mdomo. Harufu ya kuungua ndiyo iliyonishtua.

Wanaume walikula, hakuna aliyeongeza. Wageni walipoondoka, mume wangu akasema, "Bibie, pilau ya leo ina moshi."

"Ina wivu," nikamjibu. "Nataka kusoma kama yule."

Akacheka. "Umri huo? Na nani atapika?"

"Tutajua mwakani."

Ndugu yangu akarudi Ulaya na koti lake. Mwaka ukazunguka, na Maulidi ilipokaribia mwalimu wa chuo akaja dukani mwenyewe.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Sufuria letu vipi?"

"Sufuria lipo. Mpishi hayupo. Mpishi anataka kusoma."

Akamtazama mume wangu. Mume wangu akatazama mizani.

"Wanawake wa hapa mna kazi nyingi, mama."

"Na wa Ulaya wamekaa tu? Mwenzangu analaza mabaharia nyumba nzima, na anasoma. Mzungu anasoma! Au mnangoja Mzungu aje atusomee Maulidi hapa Kibaoni?"

Wifi yangu alikuwa nyuma ya mlango. Akapiga vigelegele. "Na sisi hatumenyi kitunguu hata kimoja!"

Mwalimu akavua kofia, akajikuna. Akasema mkewe anajua kusoma, atamruhusu aje barazani kwangu kila siku baada ya alasiri. "Lakini pilau, mama..."

"Utakula."

Akala, na haikushika chini hata punje.

Nilisoma na vidole vyangu vya jembe, nafuata herufi kama natafuta chawa. Nikikosea, mke wa mwalimu ananigonga mkono kama mtoto. Mpaka Maulidi moja na mimi nikashika kitabu nyuma ya shuka. Wanawake wakasogea, na barazani wanaume wakatega masikio. Nikapaza sauti kuliko inavyotakiwa. Nilitaka ifike kule kwenye mvua na moshi, mwenzangu aisikie, aumie kidogo.

Haukupita muda, mchuuzi mmoja wa Pwani aliyekuja kununua mpunga akatuletea salamu za ndugu yangu. Ile nyumba yenye mlango wao wameipata, na ufunguo anao yeye.

Nikafunga msahafu. Nikamwita mume wangu.

"Hiki chumba cha magunia, chenye mlango wake," nikamwambia, "hebu nieleze, kina kazi gani hasa?"